Petroli na Peteroli

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari mjini Gisenyi, mpakani na Kongo, nikikaa kwa mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Yeye hakuwahi kufika huko. Aliolewa Goma, upande wa Kongo, akiwa binti mdogo, na Mwislamu, akasilimu, akazaa, akafiwa na mume, kisha akavuka mpaka na kununua nyumba ya vyumba vitatu upande wetu, karibu na kizuizi cha mpakani. Ndugu zake wa Karagwe aliwajua kwa salamu tu. Mdogo wake wa mwisho, mjomba wangu, alizaliwa yeye akiwa ameshaolewa. Walipoonana kwa mara ya kwanza, pale uani kwake, mjomba alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, na mama mkubwa alimshika uso kwa viganja vyote viwili kama mtu anayekagua papai sokoni.

"Njo huyu?" aliniuliza. "Njo mudogo wangu?"

Mjomba alikuwa na wiki chache tu Gisenyi wakati haya yalipotokea.

Kazi ya mama mkubwa ilikuwa kuuza peteroli. Ndivyo wanavyoyaita mafuta ya taa huko, peteroli. Aliyanunua Goma, akayavusha, na siku ya soko akayapeleka Mahoko na kuyapima kwa chupa tupu za bia. Mjini kwetu umeme ulikuwa unakuja na kukatika, lakini ukipanda huko Kanama na Nyakiriba, jua likishazama watu wote walikuwa wanategemea agatadowa, kile kibatari cha kopo chenye utambi wa pamba. Wateja wake walimpenda kwa sababu mafuta yake hayakutoa moshi mwingi na hakuyachanganya na kitu.

Wiki ile alishikwa na mafua makali. Macho yalimvimba, pua ikaziba kabisa. Kuvuka mpaka hakuweza, na kesho yake ilikuwa siku ya soko.

"Siko nasikia harufu hata ya sabuni," alilalamika. Akamgeukia mjomba, akimwonyesha dumu. "We mudogo wangu, enda Goma. Bido imepunguka kidogo. Unijazie peteroli, donc nisikose soko."

Mimi sikuwepo, nilikuwa darasani nikisimamia mtihani. Haya mama mkubwa aliniambia baadaye. Niliporudi nyumbani nilikuta dumu la njano limejaa, limefungwa, limesimama nyuma ya mlango wa jikoni kama siku zote. Mjomba alikuwa amelala.

Asubuhi mama mkubwa akaenda Mahoko. Akarudi mapema mchana, maana mvua ilikuwa inatisha na bidhaa yake ilikwisha haraka. Dumu lilibaki na mafuta kidogo sana chini. Nakumbuka alivyoliweka kizingitini, akaketi kupumua, akasema leo Mungu amemuonea huruma.

Wingu likashuka kutoka upande wa volkano, na ndani ya nyumba kukawa giza kama jioni. Mama mkubwa alitaka kuchambua maharage. Akamimina yale mafuta yaliyobaki kwenye taa ya chemli, akaiwasha, akaiweka mezani. Mimi nilikuwa uani naanua nguo kwenye kamba. Mjomba alikuwa anachonga mpini wa jembe chini ya paa la jikoni. Muda ukapita, wa kuanua shuka mbili na kanga, pengine zaidi kidogo.

Kisha kukasikika mlio.

Sina neno la mlio ule. Haukuwa mkubwa kama wa bomu, lakini katika miaka ile, katika mji ule, masikio yetu hayakusubiri kupima. Nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye matope, shuka zimenifunika kichwa. Nje ya ua nilisikia milango ikigongwa kufungwa na mwanamke akiita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Niliwaza: waasi wamefika. Sikuwaza taa hata kidogo.

Ndipo nikamsikia mama mkubwa akimlilia Mungu kwa Kinyarwanda. "Yebabawee! Mana yanjye!"

Mjomba aliingia kabla yangu. Nilipofika mlangoni nilimwona mama mkubwa amesimama katikati ya chumba akiwa na moto mkononi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona: mkono wa kushoto ulioinuliwa, na moto umeuvaa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Meza ilikuwa inawaka. Sakafu ilikuwa inawaka, moto unaotambaa, na maharage yalikuwa yanaruka ndani yake. Mjomba alichomoa blanketi kitandani, akamfunika na kumwangusha chini, akamlalia. Jirani mmoja alishafika na ndoo ya maji.

"Usimwage kwenye moto!" nilipiga kelele. "Utausambaza! Mchanga!"

Kuna vitu vinavyotoka mdomoni kabla akili haijafika. Mafuta huelea juu ya maji na moto husafiri nayo; hilo nililifundisha kila mwaka. Tulikomba ule mchanga mweusi wa uani kwa mabeseni, kwa mikono, kwa sufuria, tukaufukia moto hadi ukafa. Ile ndoo ya maji niliichukua mimi, nikauzamisha mkono wa mama mkubwa ndani yake. Akawa analia kimya kimya. Mtu akaleta siagi ya ng'ombe ampake. Nikamkatalia. Akanitazama kama mtu mkatili.

Hapo ndipo pua yangu iliponishtua. Juu ya harufu ya nywele na pamba iliyoungua, kulikuwa na harufu nyingine, kali, tamu kidogo, inayopanda hadi kwenye paji la uso. Harufu ya kituo cha mafuta. Nilikwenda kwenye lile dumu kizingitini, nikafungua kifuniko. Nikakifunga tena upesi.

"Mjomba," nilisema, "jana ulinunua nini?"

"Petroli," alijibu. Alikuwa bado amepiga magoti. "Si alisema petroli?"



"Tena yule muuzaji alitaka kunitapeli," mjomba akaendelea, na naisikia sauti yake hadi leo, jinsi ilivyoanza kwa kujiamini. "Nilimwambia petroli, akanipa mafuta ya taa. Nikanusa nikajua. Nikamwambia nataka petroli, bwana, petroli ya gari. Akacheka, akasema esansi? Nikamwambia sijui esansi yenu, hiyo hiyo hapo, nipe. Nikajazia..." Sauti ikamkatikia. Alimtazama dada yake chini kwenye mkeka, kisha taa, au kilichobaki cha taa. Akaweka mikono kichwani.

Kwetu Karagwe petroli ni ya gari. Goma na Gisenyi peteroli ni ya taa, na ya gari ni esansi. Herufi moja imezidi, na yeye alikuwa na wiki chache tu katika nchi hiyo.

Askari walifika wakati huo, wakiwa na bunduki mbele, wakitafuta aliyerusha guruneti. Aliyewaongoza alikuwa ofisa kijana aliyekulia Uganda, mwenye Kiswahili cha kambini. Alizunguka chumba akitazama ukuta, dari, vipande vya bati vya taa.

"Nini imepasuka hapa?"

"Taa, afande."

"Taa haipasuki. Mimi nimekaa na taa ya parafini maisha yangu yote."

Kumbe kwake ni parafini. Kitu kimoja, na sisi tuliokuwa chumbani humo tulikiita majina matatu. Niliona maneno hayatafaa. Nikachukua visahani viwili. Jirani alikuwa na chupa ya mafuta ya taa ya siku nyingi. Nikamwaga tone kubwa kwenye kimoja. Kwenye kingine nikakung'uta yaliyobaki dumuni. Nikavitenganisha mbali uani, mvua ilikuwa bado manyunyu, nikawaambia wote warudi nyuma. Nikafunga kijiti cha kiberiti kwenye ncha ya fito ndefu. Moto ulipogusa mafuta ya jirani, ulizama na kuzimika, kana kwamba ni maji. Nikawasha kijiti kingine na kukipeleka kwenye kisahani cha pili. Hakikuwahi kufika. Kikiwa bado hewani, karibu kiganja kizima juu ya kisahani, moto uliruka wenyewe kukipokea.

Yule ofisa alirudi hatua mbili.

"Hii ni kitu gani?"

Nilimweleza haraka, nikiwa na sauti isiyo yangu. Kwamba mafuta ghafi yanapotoka ardhini ni tope jeusi moja, lakini ndani yake mmechanganyika vitu vingi, vyote ni kaboni na hidrojeni, minyororo ya kaboni iliyovaa hidrojeni. Mnyororo mfupi ni mwepesi, huruka hewani hata bila kuchemshwa, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyotulia na kuwa mzito. Kiwandani wanachemsha lile tope na kuutenga mvuke wake ndani ya mnara mrefu: mifupi inapanda juu kabisa, hiyo ni gesi na petroli, ya katikati ni mafuta ya taa, chini yake dizeli, kinachobaki chini kabisa ni lami ya barabarani. Ni ukoo mmoja. Lakini mafuta ya taa, kwa baridi ya Gisenyi, yanakaa ndani ya taa yametulia, na kinachowaka ni kile kidogo kinachopanda utambi. Petroli haitulii. Inajaza mvuke ndani ya tangi la taa, mvuke unachanganyika na hewa, na utambi uko pale pale juu unawaka.

"Lakini si ilichanganywa kidogo tu?" mjomba aliuliza. Alikuwa amekuja nyuma yetu.

Nilifungua mdomo kumjibu na ndipo nilipolielewa mwenyewe. Tangi likiwa na petroli tupu, mvuke wake ungekuwa mwingi mno kiasi cha kuifukuza hewa, na bila hewa hakuna mlipuko ndani. Mchanganyiko kama ule wetu ndio unaoacha hewa na mvuke vikutane kwa kipimo kibaya kabisa.

"Kidogo ni mbaya zaidi," nilisema.

Kisha nikakumbuka Mahoko.

Nilikimbilia ndani. Mama mkubwa alikuwa ameegemezwa ukutani, mkono ndani ya maji. "Mama mkubwa, umeuza yote leo?"

"Yote," alisema. "Njo ile tu ilibaki."

Alinielewa kabla sijamaliza. Niliona uso wake ukibadilika, nami sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Maumivu yake mwenyewe yalitoka machoni, kikaingia kitu kingine. "Batawasha," alisema. "Jua likizama, batawasha. Kuko batoto mule manyumba."

Akaanza kunitajia wateja huku mjomba akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Hakuwajua majina, aliwajua kwa sura na mahali. Yule wa duka la chumvi karibu na kinyozi. Fundi cherehani mwenye kilema cha mguu. Mama mmoja mjane wa Nyakiriba, nyumba yake iko baada ya kanisa, ana miti ya mikaratusi. Wengine watatu wanne wa pale pale senta. Na mwanamume mmoja wa makamo, mwenye kofia ya sufu, hakumjua, alipita tu.

"Iko haraka," aliniambia, akinisukuma kwa mkono mzima. "Enda!"

Ofisa alikuwa amesikia. Hakuuliza zaidi. Alisema kitu kwa askari wake, akanionyesha gari lao la wazi. Barabara ya kupanda kutoka ziwani nilikuwa naijua vizuri, lakini siku ile sikuona chochote kando yake isipokuwa milango. Kila nyumba niliitazama kama kuna mwanga. Mvua ilikuwa imeacha, na jua, ambalo sikulitaka, lilikuwa limeshafika juu ya milima ya Kongo.

Pale Mahoko ofisa alisimama juu ya gari na kutangaza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya paredi, kwamba yeyote aliyenunua peteroli leo kwa yule mama Mwislamu asiiwashe, ina sumu ya moto, ailete hapa. Watu walitawanyika badala ya kukusanyika. Askari juu ya gari anapopiga kelele, nani atakaa kumsikiliza? Nilishuka mwenyewe nikaenda duka la chumvi. Mwenye duka alikuwa ameshamimina kwenye vibatari vyake na kuvipanga kwenye kaunta, tayari kwa jioni. Alinusa, akasema tangu asubuhi aliona inanuka vibaya lakini alidhani ni chupa. Fundi cherehani alileta yake mbio, akichechemea, na ndiye aliyewafuata wengine wa senta, maana aliwajua. Chupa zikaja moja moja. Mwanamke mmoja alikuwa ameshawasha. Alisema moto ulimrukia, akaogopa, akauzimisha kwa sufuria. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, nusu zimebaki nusu hazipo, naye alikuwa anacheka. 

Nyumba ya mjane wa Nyakiriba tuliifikia kukiwa na mwanga mdogo tu. Kwanza niliona mikaratusi. Kisha niliona dirisha, na ndani yake mwanga.

Niliruka gari likiwa bado linatembea. Nilisukuma mlango bila hodi. Watoto walikuwa wameketi kuzunguka sufuria ya viazi, na mwanga ulikuwa wa jikoni, wa kuni. Kibatari kilikuwa juu ya rafu, kimejazwa, hakijawashwa. Mama yao alikuwa amekishika kiberiti mkononi akimsubiri binti yake amalize kuosha vikombe. Nilikichukua kile kibatari bila kusema kitu nikatoka nacho nje.

Mama yule alinifuata mbio. "We ni nani? Mwizi! Mnatuuzia asubuhi, jioni mnatunyang'anya?"

Nilijaribu kumweleza na sikuweza. Nilikuwa nalia. Ofisa ndiye aliyemweleza, na yule mama alimsikiliza akiwa ameshika mlango, kisha akageuka kuwatazama watoto wake wakila, akakaa kizingitini, akasema tu, "Ayiwe." Akakirudia kilio hicho mara kadhaa. Nilimwacha na tochi ya askari mmoja.

Mwanamume wa kofia ya sufu hatukumpata. Tuliuliza Mahoko, tukauliza njia ya Nyakiriba, hakuna aliyemjua. Kwa wiki nyingi, kila habari ya nyumba kuungua ilinifanya nishike ukuta. Hatukusikia lolote. Sijui alikuwa nani, na sijui kama aliwasha.

Mama mkubwa alikaa hospitalini mwezi na zaidi. Mjomba hakuondoka kando ya kitanda chake. Alimlisha, akamkanda miguu, na mwanzoni hakuweza kumtazama usoni. Siku moja nilimkuta mama mkubwa akimfokea: "We, acha kulia. Bwana wangu alikaa Goma miaka yote ile na mimi, bado tulikosana maneno. Tumeonana uzee, na tutagombana juu ya esansi?"

Alitaka kujua kila kitu. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda nikimweleza mambo ya kaboni kama ninavyoeleza wanafunzi, naye alikuwa akinisimamisha, akishangaa. Kwamba lami na esansi ni ndugu alikataa kabisa siku mbili. Nilipomwambia kuwa mnyororo mfupi kuliko yote, kaboni moja peke yake na hidrojeni nne, yaani gesi, umelala kwa wingi chini ya ziwa letu, ndani ya maji mazito yasiyopanda juu, na kwamba wataalamu walishauvuta kidogo pale upande wa Rubona, alitazama dirishani. Kutoka kitandani kwake ziwa lilionekana, limetulia, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, dagaa wa huko, imefungwa mitatu mitatu.

"Chini ya ile maji?" aliuliza. "Tunayoga mule. Tunakunywa."

"Imebanwa huko chini kabisa, mama mkubwa. Haitusumbui."

"Na kama imechoka kubanwa?"

 

Alipona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikunjika na havikunyooka tena, na ngozi ya mkono ule ilirudi na rangi ya waridi iliyopauka, kama ya mtoto mchanga. Peteroli hakuuza tena. Alipopata nguvu akaamua kuuza mishumaa. Akavusha boksi la kwanza kutoka Goma yeye mwenyewe, hakumtuma mtu, akaliweka mezani na kulifungua mbele yetu akiwa ameridhika.

"Hii haiko mafuta," alisema. "Hii iko salama."

Ningeweza kunyamaza. Lakini alishanizoesha kumwambia kila kitu. Nikamwambia mishumaa ile nayo inatoka katika lile lile tope jeusi, ukoo ule ule, ila minyororo yake ni mirefu kiasi kwamba imeganda.

Aliurudisha mshumaa ndani ya boksi polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Hii pia?"

"Hii pia. Lakini haitoi mvuke ikiwa baridi. Haipasuki."

"Uko na hakika?"

Nilimwambia nina hakika. Nilichukua mshumaa mmoja nikausimamisha mezani, nikawasha kiberiti na kuugusisha utambi. Moto ulishika, mdogo, wa njano, ukatulia. Nilipogeuka niliona mjomba ameshika kitasa cha mlango, na mama mkubwa amesimama ukutani kabisa. Nami mwenyewe, bila kujua, nilikuwa nimesharudi nyuma hadi walipo.